Ekzosi ya replika ya Porsche Speedster: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wakuu, hii nawaandikia wenye replika ya Porsche 356 Speedster, ile ya bodi ya faibaglasi juu ya chesisi ya Beetle iliyokatwa ikafupishwa, maana kila mtu akishaipata hii gari kitu cha kwanza anachotaka kubadilisha ni ekzosi, na kitu cha kwanza anachokosea ni hiyo hiyo ekzosi. Mimi niko kusini mwa Uingereza, gari yangu ni Chesil, replika ya chapa hiyo, injini ya Volkswagen 1600 (namba hizi ni ukubwa wa injini kwa cc) ya kupozwa na upepo, na ndani ya miaka sita nimeshafunga ekzosi tatu tofauti, kwaiyo ninayoyasema hapa nimeyalipia.

Speedster yenyewe ya kiwandani ilitoka 1954 mpaka 1958, baada ya Max Hoffman, mwagizaji wa Porsche kule New York, kuwabana Wajerumani wamtengenezee gari nyepesi ya wazi ya bei ya chini, ikaanza kuuzwa chini kidogo ya dola 3,000. Leo ya kweli ni mamia ya maelfu ya dola, ndo maana sisi tuna replika. Uzuri ni kwamba ya kweli na ya kwetu ni ndugu wa damu, 356 imetokana na Beetle, injini iko nyuma, silinda nne zimelala, mbili kulia mbili kushoto, kwaiyo vifaa vya Beetle vinaingia. Lakini vinaingia kwenye injini, kwenye bodi ni habari nyingine. Nyuma ya Speedster imeshuka na kujikunja kuliko Beetle, na sailensa iliyotengenezwa kwa ajili ya Beetle mara nyingi inagusa faibaglasi au inaning'inia chini ikionekana yote kama fundi amesahau kumalizia kazi. Na faibaglasi ikikaa karibu na bomba la moto inageuka kahawia kwanza halafu rangi inaanza kupasuka. Kabla hujalipa hata senti ingia chini ya gari na futi, pima toka kwenye flenji za hedi (kichwa cha silinda, pale mabomba ya moshi yanapofungwa) mpaka bampa, pima na urefu toka ardhini, muulize muuzaji vipimo, asipokuwa navyo tafuta muuzaji mwingine.

Sasa nini hasa unanunua? Watu wanadhani ni mlio. Mlio ni sehemu, ila injini hii inapozwa na upepo na oili tu, haina maji, moshi usipotoka vizuri joto linabaki kwenye hedi, na silinda namba 3 ndo inaumia kuliko zote kwa sababu kwenye injini za zamani kuza ya oili, yaani kipozeo chake, imekaa njiani kwa upepo wake. Kwaiyo unanunua pumzi ya injini kwanza. Ila pumzi nayo ina kipimo. Bomba la heda (yale mabomba yanayotoa moshi kwenye hedi kwenda kwenye sailensa) la milimita 35 linatosha kabisa injini ya 1600 ya kawaida, milimita 38 ni kwa 1600 iliyochangamshwa kidogo mpaka 1776 na hata 1915, milimita 42 uiache kwa wenye injini kubwa zaidi ya hapo au kemshafti kali, ile inayofungua valvu zaidi. Bomba nene kwenye injini ndogo halikupi nguvu, moshi unapoteza kasi, na gari inakuwa nzito kule chini kwenye mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa dakika ambako ndo unaendeshea kila siku. Kosa hilo nililifanya mimi na ekzosi yangu ya kwanza, milimita 42 kwenye 1600, kwa sababu ilikuwa na punguzo la bei.

Namba moja yangu, bila kusita, ni mfumo wa stenlesi uliotengenezwa na mtu aliyefikiria umbo la 356, mfano hizi za Vintage Speed ya Taiwan. Sailensa imebanwa juu, haining'inii, mdomo unatoka pale unapotakiwa kutoka, na mlio ni mzito wa chini chini, ukiwa kwenye foleni hausumbui mtu na ukikanyaga unausikia vizuri. Bei inauma, usidanganyike, ni mara tatu au nne ya heda ya chuma cha kawaida. Lakini huku kwetu barabara zinamwagiwa chumvi kila majira ya baridi, na chumvi kwenye chuma cha kawaida chenye moto ni kama mchwa kwenye mlango wa mbao, naongea kama mtu aliyetoka Tanga anayejua pia upepo wa bahari unavyokula mabati. Ya chuma niliyokuwa nayo ilitoboka mwaka wa tatu. Hii ya stenlesi iko mwaka wa tatu sasa imebadilika rangi tu, dhahabu dhahabu hivi na bluu karibu na hedi, hiyo ni kawaida ya stenlesi kwenye moto wala sio ugonjwa.

Namba mbili ni Python ya CSP, Wajerumani hao. Hii inakuja kwa vipimo vya 38, 42 na 45, mabomba yake manne yamepangwa yakutane kwa mpangilio mzuri na inakubali kufungwa pamoja na hita boksi, yale maboksi yanayozunguka bomba la moshi na kupeleka hewa ya moto ndani ya gari. Kama injini yako ni 1915 kwenda juu mimi ningeiweka namba moja, inapumua kuliko hiyo ya juu. Nimeishusha kwa sababu mbili, imetengenezwa kwa Beetle kwaiyo kwenye Speedster lazima upime mara mbili na unaweza kujikuta unakata kipande cha bati la nyuma, halafu ni ya sauti zaidi, sio makelele lakini safari ya saa tatu paa likiwa wazi utaisikia kichwani mpaka kesho yake.

Namba tatu itawashangaza watu. Sailensa ya kawaida ya kiwandani ya Beetle, mpya, yenye vile vidomo viwili vyembamba. Wengi wanaidharau, ndo ya kwanza kutupwa. Lakini kama injini yako ni 1600 haijaguswa, na bado una kabureta moja ya katikati, hii inaifaa injini hiyo kuliko heda yoyote ya bei rahisi. Sababu ni kale kabomba kembamba kanakopita chini ya manifodi ya kuingizia hewa, kanapeleka moshi wa moto toka kwenye sailensa kupasha manifodi. Heda nyingi za mtaani hazina tundu za kukaunganisha, au zinazo lakini moshi haupiti. Asubuhi ya baridi na unyevu kabureta inaganda barafu kweli kweli, gari inakatakata, unashuka unafungua unaona manifodi imeota theluji nyeupe. Ukiwa Mombasa au Dar hutalijua hili tatizo, ukiwa Ulaya utalijua wiki ya kwanza ya Novemba. Ubaya wake ni kwamba haifanani kabisa na 356, ina ule mluzi wa Beetle, na mtu aliyetaka Speedster hataki mluzi.

Namba nne ni heda ya chapa ya EMPI au za aina yake, chuma cha kawaida, zenye sailensa moja ndefu ya upande. Chini ya pauni 300 unaondoka nayo na kwa pesa hiyo inapumua vizuri. Ukichukua hii usiifunge kama ilivyotoka kwenye boksi, ile rangi nyeusi inaungua siku ya kwanza na kunukisha gari lote. Ipeleke ikapakwe keramiki ndani na nje kabla haijaona moto, inaongeza maisha na inapunguza joto chini ya injini. Na ile tepu ya kuzungushia bomba achaneni nayo kwenye chuma cha kawaida, inashika unyevu, bomba linaozea ndani huku wewe unaona tepu nzuri.

Za mwisho ni bomba moja lililonyooka lisilo na sailensa, lile la magari ya jangwani, na zile za midomo minne. Ya kwanza ni ya mashindano, usiilete barabarani. Ya pili wengi wanaipenda kwa sura, lakini nyingi ninazokutana nazo hata mabomba yake hayalingani urefu na chuma chake ni chembamba kama kopo.

Kuhusu sheria, hapa Uingereza hairuhusiwi kubadilisha ekzosi ili gari lipige kelele zaidi ya lilivyotengenezwa, na kwenye MOT, ukaguzi wa kila mwaka wa magari, mkaguzi anaweza kukuangusha kama mlio wako umezidi wazi wazi gari la aina yake lenye ekzosi ya kawaida. Gari ya kujengwa inayopitia IVA, ukaguzi wa kuikubali gari moja moja kabla ya kusajiliwa, inapimwa na mashine na mwisho ni desibeli 99. Majirani nao wana masikio, mimi natoka saa kumi na moja alfajiri na nataka kuendelea kusalimiana nao.

Jambo ambalo naomba msilipite haraka ni hita boksi. Muuzaji atakwambia zitoe, funga mabomba matupu, gari itakuwa nyepesi. Ni kweli, na utapata baridi ambayo hujawahi kuipata. Ila kama unabaki nazo hakikisha hazijaoza, kwa sababu hewa inayokuja miguuni kwako inapita kuzunguka bomba la moshi, likitoboka unavuta kaboni monoksaidi na haina harufu. Hata bila hita, gari la wazi linavuta moshi wake wenyewe kurudi ndani ukiwa kwenye mwendo, kwaiyo mdomo wa ekzosi lazima uvuke bampa, usiishie chini ya bodi. Mke wangu alikuwa anaumwa kichwa kila tukisafiri, tukadhani ni upepo, kumbe mdomo uliishia sentimita chache ndani. Kale ka-kengele ka kaboni monoksaidi ka betri ni bei ndogo, nakaweka chini ya dashibodi mpaka leo.

Kwenye bajeti yako tenga na pesa ya tyuni. Ukifungua pumzi injini inakula hewa zaidi na mafuta yanakuwa hafifu, utasikia inapiga mabomu ukiachia mafuta kwenye mteremko, watu wanafurahia ule mlio, wakati mwingine ni ekzosi inavuja lakini mara nyingi injini inakwambia ina njaa na joto linapanda. Kama una kabureta mbili za Weber 40 IDF nunua na jeti za akiba, vile vitundu vinavyopima mafuta, kisha mwambie fundi akuchomelee nati ya kufungia sensa ya oksijeni kwenye heda kabla haijapakwa keramiki. Ukisoma namba mwenyewe hubahatishi.

Kufunga: gasketi mpya, za shaba kama unazipata. Kuna gereji moja nilipeleka wakarudishia gasketi za zamani, moshi ukawa unavuja namba 3, nikazunguka na mlio wa tik tik wiki mbili nikidhani ni valvu, nikafungua na vifuniko vya valvu bure. Nati za milimita 8 zikaze taratibu kwa zamu, karibu Nm 20, usitumie nguvu za bega maana stadi ikikatikia kwenye hedi ya aluminiamu ndo umeanza kazi nyingine. Rudisha mabati yote ya kuzunguka injini na ile raba ya pembeni, pasiwe na tundu, vinginevyo feni inavuta tena hewa ya moto iliyotoka chini kwenye ekzosi. Endesha kama maili 200, acha ipoe usiku mzima, kisha asubuhi pitia nati zote tena kwa spana, zitakuwa zimelegea.