Glenda Jackson: jukwaani au bungeni?

Glenda Jackson alikuwa mwigizaji wa Uingereza aliyegeuka mbunge. Nikiambiwa nichague, namchukua yule wa jukwaani bila kusitasita. Uigizaji ulimpa Oscar mbili, na mara zote mbili hata hakwenda kuzipokea. Mwaka 2016, akiwa na miaka 80, alipanda jukwaani London kuwa Mfalme Lear wa tamthilia ya Shakespeare, mzee mwenye ndevu zake! Miaka miwili baadaye akabeba Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, kule New York.

Bungeni alikaa miaka 23, kuanzia 1992, kwa tiketi ya chama cha Labour. Unaibu waziri wa uchukuzi haukudumu, na uchaguzi wa 2010 alipona kwa chupuchupu, kura 42 tu.

Ila kuna siku moja inayonifanya nisite. Aprili 2013, wabunge wakimlilia marehemu Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani, Jackson alisimama akawakumbusha madarasa ya enzi za utawala huo, ambayo plasta ya kuta ilishikiliwa na michoro ya watoto na selotepu, na watu waliolala milangoni mwa maduka. Upande wa pili, wa chama cha Thatcher, ukazomea. Hakushusha sauti. Na pumzi ile, tuseme ukweli, ilikuwa ya jukwaani.