Wizi Usiomwaga Damu: Uchambuzi wa Filamu za Hila

Assalamu alaykum, ndugu watazamaji. Ninazungumza nanyi kutoka Lamu, mtaa wa Mkomani, na leo ninachambua filamu ya zamani iitwayo How to Steal a Million, iliyotolewa mwaka 1966, ikaongozwa na William Wyler na kuigizwa na Audrey Hepburn pamoja na Peter O'Toole. Tuliitazama nyumbani baada ya sala ya isha, shangazi zangu wakiwapo na watoto wakiwapo, na hiyo peke yake ni sifa kubwa, kwa sababu filamu nyingi za wizi zimejaa damu na matusi, hata mtu huona haya kuzitazama mbele ya wakubwa wake.

Kisa chenyewe ni cha mzee mmoja wa Paris, fundi wa kughushi kazi za sanaa, aliyeyaazimisha makumbusho sanamu ndogo inayoaminika kuwa ya Cellini, mchongaji maarufu wa Italia wa zamani, kumbe ilichongwa na baba yake. Bima inadai sanamu ikaguliwe na mtaalamu, na ukaguzi huo utaifedhehesha familia nzima. Basi binti wa mzee huyo anamtafuta mwizi wa kuiiba kabla mtaalamu hajafika. Wako watakaouliza, na ni haki yao, vipi tufurahie wizi ilhali wizi ni haramu. Mimi naona raha ya hadithi hizi haimo katika mali inayochukuliwa. Hapa kinachoibwa ni cha wenyewe, hakuna mnyonge anayedhulumiwa, na kinachoangushwa ni majivuno ya watu walioamini kwamba mitambo yao haina mshindi. Studio za Marekani wakati ule zilikuwa bado chini ya kanuni, zilizodumu hadi 1968, zisizotaka mhalifu aonekane akifaidika, na kwa maoni yangu mbano huo uliwafaa waandishi, maana uliwasukuma kutafuta akili badala ya bastola.

Tazameni sehemu ya makumbusho kwa makini. Binti na mwizi wake wamejibanza usiku katika kijichumba cha mafagio, mlango umefungwa, na ufunguo umetundikwa ukutani upande wa nje. O'Toole, ndiye mwizi, anatoa sumaku na kuuvuta ufunguo taratibu kupitia ukuta hadi anaufikisha mlangoni. Sanamu nayo imezungukwa na miale inayoamsha king'ora ikikatwa. Anarusha bumarangi, kile kipande cha mti kilichopinda ambacho humrudia aliyekirusha. King'ora kinalia, walinzi wanakimbilia ukumbini, wanakuta kila kitu mahali pake. Anarudia. Mwishowe walinzi, wamechoka na kelele na lawama, wanakizima king'ora kwa mikono yao wenyewe. Shangazi zangu walicheka hadi machozi, nami nikamkumbuka Abunuwasi na lile sufuria lililozaa kisha likafa, kwa kuwa na kule pia mwenye kushindwa hushindwa kwa jambo alilolikubali mwenyewe.

Lipo jambo la ufundi ambalo hupenda kuliangalia katika filamu hizi zote: tukielezwa mpango wote mapema, karibu hakika utaharibika, na tukifichwa, utafaulu. Hapa tumefichwa, nasi tunausoma hatua kwa hatua pamoja na binti yule. Kinyume chake ni I soliti ignoti, filamu ya Kiitalia ya Mario Monicelli ya mwaka 1958, ambamo wezi wanafundishwa kazi mbele yetu na bingwa wa kufungua kasha za fedha, kisha usiku wenyewe wanatoboa ukuta wasioukusudia, wanajikuta jikoni mwa nyumba ileile waliyomo, na wanaketi kula tambi na dengu. Inachekesha, lakini pia inahuzunisha, kwa kuwa ni watu maskini kweli.

Kasoro ya filamu ya Wyler ni mwanzo wake mrefu. Wanachelewa mno kuingia makumbusho, na watoto wetu walianza kusinzia. Yapo pia mabusu machache, basi mwenye kushika kidhibiti awe macho. Ninawashauri muanze na hii, kisha ile ya Kiitalia muiweke usiku mwingine, akiwapo mtu mwepesi wa kusoma maandishi ya chini na kuwatafsiria wazee kwa sauti.