Pedi za breki za seramiki kwenye Premio: uzoefu wangu

Pedi hizi zimefungwa magurudumu ya mbele ya Toyota Premio inayozunguka zaidi Dar es Salaam na kushuka mlima mkali wa Kitonga kila inapotoka Iringa. Zimetulia kuliko za nusu chuma zilizotangulia, na rimu hazishiki upesi lile vumbi jeusi. Bei yake ni kubwa. Anayezinunua ili kuepuka kelele ajue kwamba kelele nyingi chanzo chake ni ufungaji, na pedi ghali iliyofungwa ovyo italia vilevile.

Sauti hazifanani. Mkwaruzo wa asubuhi unaopotea baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu ni kutu laini iliyoshika diski usiku, hasa gari likilala nje karibu na bahari; huo si ugonjwa. Mlio mwembamba unaofuatana na mzunguko wa gurudumu, wakati mwingine ukikatika unapokanyaga, ni ulimi wa chuma wa kutoa onyo: huanza kugusa diski pedi ikibakiza milimita 2 au 3. Wapo mafundi wanaoukunja au kuukata ili gari linyamaze. Fundi wa aina hiyo usimwachie gari lako. Ukisikia kusaga kuzito na kanyagio linatetemeka, nyama (sehemu ya pedi inayosugua diski) imekwisha na bamba la chuma la nyuma yake linakula diski. Gari lisitembee tena.

Lakini kungojea sauti ni kuchelewa. Pedi mpya za mbele za gari la ukubwa huu huwa na nyama ya milimita 10 hadi 12. Mimi nabadilisha zikifika 3, pande zote mbili za ekseli kwa pamoja. Pima pedi ya ndani, ile ya upande wa pistoni inayoisukuma, kwa sababu ukichungulia kwenye matundu ya rimu unaona ya nje tu. Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado ina nusu, mara nyingi pini ambazo kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) huteleza juu yake zimekwama, na seti mpya italiwa hivyo hivyo.

Kufunga kunahitaji spana ya 21 kwa nati za gurudumu na ya 14 kwa boliti za kalipa. Gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Kalipa itundike kwa waya; ikining'inia kwenye mpira wa breki inauharibu. Kabla ya kurudisha pistoni, fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, maana mafuta yatapanda, na yakimwagikia bodi yanababua rangi.

Kinachofuata ndicho gereji za haraka hukiruka. Chomoa pini, futa grisi iliyokauka, paka ya silikoni inayohimili joto. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira ya pini. Sugua kwa brashi ya waya pale pedi zinapokaa mpaka ziingie na kutoka kwa kusukumwa na vidole. Rudisha vibati vyembamba vya nyuma ya pedi: bila hivyo pedi inatetemeka, na mtetemo huo ndio mlio wenyewe. Seti yangu ilikuja na vibati, ila klipu za pembeni zinanunuliwa kando. Grisi isiguse nyama kabisa.

Diski nayo ikaguliwe. Unene wa chini unaoruhusiwa kwa kawaida umechapwa juu yake; ikiwa kuichonga kutaifikisha chini ya hapo, nunua mpya.

Kabla gari halijasogea, pampu kanyagio mpaka liwe gumu. Kisha zizoeze barabara ikiwa tupu: toka kilomita 50 kwa saa hadi 15, mara 8 hadi 10, ukiacha kama nusu dakika kila mara. Usisimame na kushikilia breki diski ikiwa ya moto, maana pedi itaacha doa na kanyagio litaanza kutetemeka.

Kasoro niliyoiona ni kwamba zikiwa baridi hazing'ati haraka kama za nusu chuma. Kitonga nashuka kwa gia ndogo na hazijawahi kulegea, lakini hilo ni gari dogo lenye abiria wachache. Kwa Hiace ya abiria au Probox inayobeba mizigo, ningebaki na za nusu chuma hata zikipiga kelele kidogo.