Karakana isiyo na kibao pale Gerezani, Dar es Salaam, iliyoziba oili niliyoimwaga mwenyewe

Naanza na nyota, maana najua wengi mnasoma hapo tu: nne kati ya tano. Ile moja niliyoibana nitaieleza huko mbele.

Mimi natembeza mayai. Nachukua trei Kitunda kwa wafugaji, napeleka kwa mama ntilie na maduka ya Ilala hadi Kariakoo, kwa pikipiki ya Kichina, CG ya cc 125, mwaka wa nne sasa. Oili nilikuwa namwagiwa na kijana wa mtaani kwa elfu tatu. Jumapili moja nikajiuliza: elfu tatu ya nini, bolti moja chini ya injini? Nikaangalia video mbili, nikaazima spana namba 17 kwa jirani, nikatandika boksi, nikalala chali.

Sasa, ukilala chali chini ya injini, ni rahisi kuchanganya kulia na kushoto. Hili video hawakulisema. Bolti ikagoma kufunguka, nikachukua kipande cha bomba nikakichomeka kwenye spana ili nipate nguvu. Ikazunguka kidogo. Nikafurahi. Ikazunguka tena, safari hii laini, kama kijiko kwenye uji. Kumbe muda wote nilikuwa nakaza. Bolti ni chuma, injini ni aluminiamu, tena laini kama sufuria. Vinapogombana, anayeumia unamjua.

Nikaitoa, oili chafu ikashuka yote (hiyo nilimpa fundi seremala wa jirani, yeye anapaka mbao kuzuia mchwa), nikarudisha bolti na washa (kile kipete cha kuzibia) ileile ya zamani, nikatia oili mpya. Asubuhi kwenye boksi kulikuwa na doa la ukubwa wa chapati.

Sitawachosha na wiki iliyofuata. Nilizungushia ile tepe nyeupe ya mafundi bomba, ikavuja. Nikapaka silikoni ya tyubu, ikashika siku mbili, halafu ikavuja. Kila asubuhi nachungulia kijiti cha oili, naona imepungua, naongeza. Siku ya Alhamisi nikiingia Ilala, tairi la nyuma likateleza kwenye kona. Mimi sikuumia. Nilikuwa na trei mbili, mayai 60. Yaliyopona 13. Nilipoinama nikaona tairi linang'aa kwa oili.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha, simtaji, aliangalia kwa sekunde kumi akaniambia kava la injini limekufa, linunuliwe jipya, injini ifunguliwe yote: laki moja na nusu, kazi mbali. Nililia kidogo, nikanyamaza, nikakodi kirikuu kuipeleka Gerezani, maana mteja wangu mmoja muuza supu aliniambia kule kuna mzee anachonga kila kitu.

Ukishuka kituo cha mwendokasi cha Gerezani, fuata mlio wa mashine za kukereza vyuma. Kibao hakuna. Kuna turubai la bluu, mashine moja kubwa ya zamani, vijana watatu, na mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nani kakaza hii?"

"Mimi."

Akaniangalia mikono. "Una nguvu. Ungekuwa kijana wangu ningekufukuza."

Kilichonifanya niandike haya ni alichofanya kabla hajashika chombo chochote. Nilimwonyesha bolti, nikamwambia inavuja hapa. Hakunibishia, ila alimwambia kijana aoshe chini ya injini yote kwa dizeli na brashi, aifute, aikaushe kwa upepo wa kompresa. Halafu akatoa kopo la poda ya mtoto. Nikadhani ni ya kwake ya shingoni, kwa lile joto! Akainyunyizia injini chini na pembeni mpaka ikawa nyeupe kama maiti, akaiwasha, akaiacha ingurume dakika kama tano. Oili ikipita kwenye poda inaacha mstari mweusi, na mstari unakuonyesha ulipoanzia. Anasema watu wengi wanaziba pale tone linapodondokea, wakati oili imetoka juu huko ikatembea.

Mistari ikawa miwili. Mmoja kwenye bolti, sawa. Wa pili ulitoka kwenye mpira wa kupumulia wa injini, mahali ambapo mimi sikuwahi hata kupatazama.

"Umetia oili kiasi gani?"

Nikamwambia kwanza lita moja, kisha nikawa naongeza kila siku.

"Pikipiki ikiwa kwenye stendi gani?"

Ya pembeni. Akacheka mpaka akavua miwani. Ikilala kwenye stendi ya pembeni inaegemea kushoto, na kijiti kiko kulia, kwa hiyo oili inakikimbia, kinasoma pungufu. Unaongeza, inazidi, injini inaitapika kwa juu. Inatakiwa isimame kwenye stendi ya kati, mahali tambarare, na kwa injini hizi za CG kijiti unakichomeka tu bila kukikaza, unakitoa, unasoma. Yaani nilikuwa navujisha kwa chini huku nafurisha kwa juu. Yule aliyetaka laki na nusu angenibadilishia kava, na mpira ungeendelea kutema.

Kazi yenyewe niliisimamia kwa karibu kwa sababu hakuna pa kukaa. Tundu la bolti lilikuwa la milimita 12. Akalitoboa hadi 12.5, halafu akakata nyuzi mpya za 14. Kile chombo cha kukatia nyuzi alikipaka grisi nzito, akawa anazungusha kidogo, anarudisha nyuma nusu mzunguko, anakitoa, anafuta, anapaka tena. Grisi inanasa vumbi la aluminiamu lisiingie ndani. Nikajifanya mjuzi nikamwuliza si utumie sumaku? Kijana mmoja akanijibu kwa upole, "Mama, sumaku haili aluminiamu." Nikanyamaza. Mwishoni akapitisha oili ya bei rahisi kuanzia juu, ikatokea chini na uchafu uliobaki, na humo ndani kikatoka kipande cha silikoni yangu, kama bigijii iliyotafunwa. Alikiweka kiganjani mwangu bila neno. Kingekwenda kukaa kwenye chujio la oili, alisema baadaye, na hapo tungekuwa tunaongea lugha nyingine.

Bolti mpya akaichonga palepale, akaweka washa mpya ya shaba. Washa inabonyea mara moja tu ili izibe, ndiyo maana ile ya zamani haikuwa na msaada. Akakaza kwa spana fupi, mkono mmoja: ikagusa, akaongeza kama robo mzunguko, akaacha. Mimi moyoni nikasema hiyo haijakaza. Imekaza.

Kabla ya kumimina oili yangu aliigeuza chupa akatafuta maandishi ya JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya kuteleza inayofanya klachi iteleze nayo. Yangu ilikuwa sawa, 20W-50 ya pikipiki. Angalau hapo sikukosea.

Nyota niliyobana: tulikubaliana elfu thelathini, nikalipa thelathini na nane, kwa sababu dizeli ya kuoshea, oili ya kupitisha na washa havikuwa kwenye bei, na hakuna aliyeniambia mpaka mwisho. Risiti niliiomba mara mbili, ikaandikwa nyuma ya boksi la bearingi. Nilifika saa tatu asubuhi, nimeondoka saa kumi jioni, maana kila mwenye shafti ya mashine ya kusaga alikuwa "wa haraka". Na kiti cha pikipiki kilibaki na kiganja cha grisi, vidole vitano vinaonekana vizuri.

Ni mwezi wa tatu sasa tangu siku hiyo. Boksi chini ya pikipiki ni kavu. Oili nimeshamwaga mwenyewe mara moja tena, kwenye stendi ya kati, na kabla ya kushika spana nilichora mshale wa kufungulia kwa chokaa kwenye injini. Shida iliyobaki ni kwamba bolti ya mzee haina ndugu dukani: kichwa ni namba 19. Nilimrudia anichongee ya akiba, elfu kumi, iko kwenye droo ya vijiko, na spana ya 19 nimeazima kwa jirani yuleyule, sijamrudishia bado.