Fleti mpya ya Malindi au nyumba ya mawe ya Lamu?

Fleti hupatikana haraka, na gari lina pa kuegeshwa. Basi. Ghorofa nyingi mpya za Malindi zimechorwa kana kwamba kusi na kaskazi hazivumi huku: dirisha linatazama ukuta wa jirani, jua la alasiri linaingia lote chumbani, na maji yakikatika, wa juu hupanda ngazi na mitungi. Nguo zianikwe wapi? (Mchoraji hafui, nadhani.)

Nyumba za Mji wa Kale wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, zina kuta nene za matumbawe na chokaa, ua wa ndani unaopitisha hewa, na daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la kumpokea mgeni bila kumfikisha ndani. Vyumba vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari zina kikomo cha urefu, na ukarabati ni ghali. Mimi nachagua Lamu, mradi fundi wa chokaa apatikane.