Oili ya sintetiki au ya kawaida? Geuza galoni kwanza

Mwezi Machi fundi wangu alitandika kitambaa cheupe juu ya boneti ya gari langu, Toyota IST, na kuweka juu yake kichujio kidogo cha waya, kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, alichokuwa amekichomoa kwenye injini. Matundu yake yote yalikuwa yamezibwa na tope jeusi linalovutika kama lami iliyopigwa na jua. Kwa wiki mbili gari lilikuwa likiishiwa nguvu kila nilipopandisha kutoka Kimara kwenda Mbezi, taa ya injini ilikuwa inawaka, na mashine ya kupimia hitilafu ilisoma P1349, yaani hitilafu katika mfumo wa VVT-i, ule unaopanga wakati wa valvu kufunguka. Mfumo huo huendeshwa kwa mgandamizo wa oili, hivyo oili ikishindwa kupenya kwenye kichujio kile, valvu hazifunguki kwa wakati wake. Kilichoniuma ni kwamba oili niliyokuwa nikitumia iliandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu "sintetiki", yaani iliyoundwa kwa kemia badala ya kusafishwa tu kutoka mafuta ghafi.

Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 55,000, galoni ya lita nne, baada ya muuzaji kuniambia, "Dada, hii ndiyo sintetiki yenyewe, hata wenye V8 wanachukua hii hii." Nilimwaga oili kila baada ya kilomita 5,000 bila kuchelewa hata mara moja, nikabadilisha na filta kila mara. Nilipogeuza galoni tupu ndipo nilipoona nyuma, kwa maandishi madogo kuliko ya kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, herufi mbili: SG.

Herufi hizo ndizo nitakazozizungumzia zaidi kuliko jambo lolote lingine, kwa sababu karibu kila anayelinganisha oili ya sintetiki na ya kawaida huziruka. Hutolewa na API, taasisi ya mafuta ya Marekani, na kuonyesha kizazi cha oili. S ni ya injini za petroli, na herufi inayofuata huonyesha usasa: kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo oili ilivyopita vipimo vigumu zaidi vya kuzuia tope, kutu na msuguano. SF ni ya injini zilizotengenezwa mwaka 1988 na kurudi nyuma, SG ni mwisho 1993, SL mwisho 2004, SM mwisho 2010, na SN mwisho 2020. SP, iliyoanza kutumika mwaka 2020, inafaa pia kwa magari yote ya nyuma. IST yangu ni ya mwaka 2005, kwa hiyo nilikuwa ninailisha oili iliyopitwa na wakati zaidi ya miaka kumi kabla gari lenyewe halijatoka kiwandani.

Neno "sintetiki" lililo mbele ya galoni halina ulinzi wa namna hiyo. Huko Marekani, kampuni ya Mobil iliilalamikia mshindani wake Castrol kwa kuita sintetiki oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu sana, na mwaka 1999 chombo kinachosimamia malalamiko ya matangazo kikaamua kwamba Castrol ina haki ya kuiita hivyo. Sisemi kwamba oili za aina hiyo ni mbaya. Nyingi ni nzuri mno, nami ninazitumia. Ninachosema ni kwamba neno hilo peke yake halikuhakikishii kitu. Oili ya kawaida yenye SN ni salama kwa gari lako kuliko "sintetiki" yenye SG, na ningependa kila mwenye Vitz, Raum, Probox au Premio alishike hilo kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Kuhusu namba za uzito, kama 5W-30, nitapita haraka. Namba iliyo kabla ya W inahusu jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na alfajiri ya Dar es Salaam hakuna baridi ya kuisumbua oili yoyote. Anayewasha gari Njombe mwezi Julai ana sababu ya kuijali. Sisi tunaoishi pwani adui yetu ni foleni. Injini inayounguruma saa nzima ikiwa imesimama Ubungo inachemsha oili ile ile huku kilomita hazisogei, na hapo ndipo sintetiki ya kweli inapojitofautisha, kwa sababu haioksidiki upesi, yaani haiharibiwi haraka na hewa na joto, na haigeuki tope kirahisi.

Ya kwanza katika orodha yangu ni TotalEnergies Quartz 9000, 5W-40, na sifichi kwamba ninaipendelea. Ni sintetiki kamili, nyuma yake utakuta SN au SP kutegemea toleo, na naweza kuinunua kwenye kituo cha mafuta cha kampuni yenyewe badala ya kupitia mikono mitano. Kampuni ilibadili jina kutoka Total mwaka 2021, hivyo galoni yenye nembo ya zamani inakwambia yenyewe kwamba imekaa dukani muda mrefu. Mara ya mwisho nililipa shilingi 120,000. Nikienda nayo kilomita 8,000, kila kilomita inanigharimu shilingi 15. Ile ya 55,000 kwa kilomita 5,000 ilikuwa inanigharimu shilingi 11. Shilingi nne hizo ninazipata tena kwa sehemu, kwa sababu filta na ufundi ninavilipia mara chache zaidi.

Ya pili ni 5W-30 yenye jina la Toyota, ambayo ndiyo uzito uliokusudiwa kwa injini kama 1NZ-FE iliyomo kwenye IST. Ingekuwa ya kwanza kama ningekuwa na uhakika kwamba kila duka linaloiuza linauza ya kweli, si ya bandia.

Ya tatu ni nusu sintetiki za 10W-40, yaani Quartz 7000, Castrol Magnatec au Shell Helix HX7. Kwa mtu anayetembeza gari la miaka kumi na tano na mwenye bajeti ya kawaida, hapa ndipo mahali pazuri pa kusimama, mradi asivuke kilomita 5,000 na asikubali herufi zilizo chini ya SM.

Za bei ya chini, zile 20W-50 za kawaida, nunua yenye SL kwenda mbele tu, na tu kama injini yako imechoka kiasi cha kula oili. Gari linalotoa moshi wa bluu halihitaji sintetiki. Linahitaji sili za valvu au ringi kwanza.

Usikubali pia kuambiwa kwamba ukianza sintetiki huwezi kurudi kwenye ya kawaida. Zinachanganyika bila madhara, na unaweza kubadili wakati wowote.

Sasa wauzaji. Galoni moja, mtaa mmoja, nimetajiwa bei tatu, na iliyokuwa kubwa kuliko zote nilitajiwa nikiwa nimeshika ufunguo wa gari mkononi. Mara mbili nimemwona fundi akirudi dukani baada ya mimi kuondoka, kuchukua chake kwa kunileta pale. Halafu mama anayelea watoto kwa mshahara mmoja anauziwa oili ya magari ya 1993, na anapokuja kulipa laki nne za matengenezo anaambiwa magari ya Japani siku hizi hayadumu. Hilo linaniudhi kwa dhati, kwa sababu muuzaji anazijua herufi hizo vizuri kuliko mnunuzi.

Mimi sasa huomba galoni igeuzwe kabla sijauliza bei, na ninaangalia kwamba pete ya kifuniko haijakatika na lakiri ya ndani ni nzima. Injini ya IST inachukua lita 3.7 ikiwa ni pamoja na filta, kwa hiyo galoni ya lita nne inabakiza kidogo ninachoweka kwenye buti kwa ajili ya kuongezea. Galoni ikiisha ninaitoboa kwa msumari mara nne kabla ya kuitupa, kwa sababu galoni tupu zenye jina kubwa zina wanunuzi wake, na hawazinunui ili kuwekea maji.