Ampeg B-15N ya miaka ya sitini: tamu sana, ila usiipeleke harusini

Nianze na bei, maana kila mpiga besi anayekuja kwangu Kondele, Kisumu, kuiona ampu hii ya gitaa la besi huuliza hilo kabla hajaketi. Shilingi za Kenya laki moja na themanini, bila transfoma ya stima, bila fundi. Niliinunua kwa mwalimu mstaafu wa Milimani aliyerudi nayo kutoka Marekani enzi za ujana wake. Mke wangu alisema hiyo ni pesa ya pikipiki. Ni kweli.

Ilivyoundwa ndiyo raha yake ya kwanza. Jess Oliver wa kampuni ya Ampeg aliibuni hivi: mtambo wenyewe umefungwa juu ya kifuniko cha sanduku la spika. Ukimaliza kupiga unafungua vibanio, unapindua kifuniko, mtambo unaingia ndani kichwa chini, unabana tena. Matatu ikirukaruka kwenye matuta ya barabara ya Kakamega, vali, yaani zile taa za kioo zinazokuza sauti, zimetulia humo ndani. Ila subiri zipoe kwanza. Vali ya moto haitaki kutikiswa, na vidole vyako pia havitakushukuru.

Sauti sasa. Spika ni moja, ya inchi 15, na nguvu ni wati 30 tu. Noti inatoka nene na nzima, unaisikia mpaka kwenye kiti. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, alitumia B-15 kwenye vilabu vya Detroit, lakini studio mara nyingi gitaa lake lilichomekwa moja kwa moja kwenye meza ya kurekodi. Kwa hiyo kijana anayetafuta sauti ile ya Motown asikimbilie kukopa chama. Aanze na nyuzi bapa, zile zenye uso laini, halafu ajaribu kupiga kwa kidole cha shahada peke yake kama Jamerson. Ni bei nafuu zaidi, ingawa kidole kitalia.

Kwa roki ni hadithi nyingine. Everett Hull, mwenye Ampeg, alikuwa mtu wa jazi na hakutaka kusikia ampu ikikwaruza, ndiyo maana hii ilijengwa itoe sauti safi. Ukipandisha sauti kupita nusu, hata hivyo, inaanza kunguruma kidogo kidogo kila ukikaza mkono, na ukilegeza inasafika. Mngurumo huo ndio ulionifanya nitoe pesa. Ijumaa hotelini, kwenye ukumbi wa watu sitini hivi, sihitaji kingine. Wanaotaka radi ya viwanjani watafute SVT, ampu kubwa ya Ampeg, ile ya 1969 ya wati 300 na vali 14, yenye spika nane za inchi 10, ambayo Rolling Stones walizunguka nayo Marekani mwaka huohuo. Halafu watafute na watu wa kuibeba.

Benga imenisumbua. Besi ya benga inarukaruka, inajibizana na gitaa la solo, na kwa nyuzi bapa noti zilikuwa zinapandana. Nimerudi kwenye nyuzi za kawaida za mviringo, nikapunguza besi kwenye ampu, na sasa kila noti inasimama yenyewe.

Ahero, kwenye harusi ya uwanjani, ngoma ziliimeza kabisa. Haina tundu la kupeleka sauti kwenye mikseta, ikabidi fundi wa sauti aweke maikrofoni mbele ya spika, nayo ikadaka tarumbeta zote.

Na stima usiichezee. Yangu ni ya volti 117, ya mkondo wa Marekani wa hezi 60. Kwetu ni volti 240, hezi 50. Lazima transfoma ya kushusha, tena kubwa kuliko unavyodhani, na hata hivyo transfoma ya ndani hupata joto zaidi kuliko ingepata kwao. Fundi wangu wa redio pale Kibuye alitupa waya wa zamani wa pini mbili, akaweka wa pini tatu wenye ethi, akabadilisha kapasita (vile vifaa vinavyohifadhi umeme) zilizochoka. Kama wewe si fundi usifungue: humo mna zaidi ya volti 400, na kapasita zinaweza kukurusha hata ukiwa umechomoa plagi.

Vali zake mbili za nguvu, za 6L6, bado zinatengenezwa China na Slovakia, kwa hiyo vipuri si tatizo. Agiza mbili zinazolingana, na muuzaji akikwambia zake "zinafanana tu", usilipe.